Baiskeli na Safari ya Nyamapori Magharibi mwa Serengeti

Insha hii inahoji kuwa, katika historia ya uwindaji mkoani Mara, baiskeli haikubadili namna ya kuua mnyama bali umbali ambao nyama yake ingefika. Kabla yake, mzigo wa mwindaji ulikadiriwa kwa mabega. Waikoma na majirani zao waliwinda nyumbu kwa mishale na mashimo, wakaanika nyama, na mikia wakaipeleka Usukumani kubadilishana kwa mifugo.

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951. Uwindaji ulipokatazwa ndani yake, mwindaji akaitwa jangili. Hata hivyo, porini aliendelea kwenda kwa miguu aghalabu, kwa kuwa miiba hutoboa magurudumu na matairi huacha alama. Baiskeli ilibeba nyaya, panga na unga hadi ukingoni mwa pori, kisha ikarudi na nyama kavu iliyofungwa kwenye keria kwa mipira. Kitoweo cha jamaa kikawa bidhaa ya kuuzwa katika miji kama Bunda na Musoma.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inaruhusu kutaifishwa kwa chombo kilichotumika katika kosa. Kwa kaya maskini, baiskeli hiyohiyo ndiyo ya kwenda mashineni, mnadani na zahanati. Hivyo, chombo kilichoipeleka nyama mbali kiliiacha hasara karibu: kwa mbebaji, kuliko kwa mlaji wa mjini.