Friji Hii Inakula Yuniti Ngapi?

Kwa takriban miaka kumi, hadi mwanzoni mwa 2021, lebo ya nishati iliyobandikwa kwenye friji na mashine za kufulia katika maduka ya Ulaya ilibeba neno ambalo halikumalizika. Juu yake iliandikwa ENERG kwa herufi kubwa, na kando ya herufi hizo vikapangwa vipande vinne: Y, IJA, IE, IA. Kila msomaji alijichukulia mwisho wa lugha yake. Mwingereza alichukua Y, Mjerumani IE, Mkroatia IJA, Mtaliano IA. Sisi tuliozoea mzizi -pik- unaozaa pika, pikia, mapishi na mpishi tunaitambua mbinu hiyo mara moja: mzizi umeachwa wazi, kila lugha ije na kiambishi chake.

Lebo mpya, iliyoanza kuonekana madukani tarehe 1 Machi 2021, imeviondoa vipande hivyo. ENERG imebaki, na mahali pa viambishi pamechorwa ule mstari wa kukatakata unaomulika mawinguni mvua inapokaribia. Kwetu mwanga ule na nguvu inayopita kwenye waya vina jina moja, umeme. Mchoro huo, uliowekwa ili kukwepa maneno, kwa msomaji wa Kiswahili ni neno kamili.

Sehemu nyingine za lebo hiyo nazo zinakwepa maneno. Ya friji ina mishale saba ya rangi, kutoka kijani hadi nyekundu, yenye herufi A hadi G. Kuna picha ya chembe ya theluji na lita za sehemu ya kugandishia, picha ya pakiti ya maziwa na lita za sehemu ya kawaida, na picha ya spika kwa ajili ya kelele. Katikati kuna tarakimu kubwa kisha kWh/annum, na hilo annum ni la Kilatini, lugha ambayo hakuna taifa linaloweza kulalamika kwamba jirani amependelewa. Pembeni juu kuna msimbo wa QR. Ukiupiga picha kwa simu unafika EPREL, hifadhidata ya Umoja wa Ulaya ambamo tangu mwaka 2019 watengenezaji wanalazimika kuandikisha kila modeli wanayouza. Huko maneno yamerudi, tena kwa wingi, katika lugha rasmi za Umoja huo.

Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha hizo, nasi hatuna sababu ya kulalamikia hilo. Ila friji zenye lebo hizo zinafika kwetu, mpya na za mtumba, na simu za kusoma msimbo tunazo mifukoni. Nchi nyingine zimekwisha kutengeneza programu zao. India ina programu ya simu ya kukagua lebo za nyota, na Tume ya Nishati ya Ghana nayo ina ya kwake. Australia ina kikokotoo cha mtandaoni ambamo mnunuzi huingiza bei ya umeme anayolipa nyumbani, kisha huonyeshwa gharama ya kila chombo kwa mwaka. Siku programu ya namna hiyo itakapoandikwa kwa Kiswahili, na natamani iandikwe upesi, mwandishi wake atakutana na maswali ya istilahi kabla hajakutana na swali la kompyuta.

La kwanza ni kWh yenyewe. Tafsiri ya vitabuni ni kilowati-saa, nayo ni sahihi: wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Lakini nenda kwa wakala anayeuza LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, useme unataka kilowati-saa ishirini. Watu wananunua yuniti. Mpangaji anajua zimebaki yuniti ngapi, mwenye nyumba anajua, fundi anajua, na mtoto wa darasa la nne anaweza kukusomea mita. Mkenya husema amenunua tokeni, na umeme wenyewe anauita stima, neno ambalo zamani pwani lilitaja meli ya mvuke. Lakini kinachoingia kwenye mita yake ni yuniti zile zile. Yuniti moja ni kilowati-saa moja, bila kupungua wala kuzidi. Wapo watakaosema kwamba yuniti ni neno la jumla mno, kwamba kila kipimo ni yuniti ya kitu fulani. Ni kweli kwenye kamusi. Nyumbani ukisema yuniti zimeisha hakuna anayeuliza yuniti za nini. Istilahi iliyokwisha kukubalika na mamilioni ya watu wanaolipa fedha zao kwa jina hilo ni mali, na ningeiandika yuniti kwenye kila kioo cha simu bila kusita.

La pili ni gumu zaidi, nalo ndilo linalonikosesha raha: ufanisi. Wataalamu husema ufanisi wa nishati, na serikalini utasikia zaidi matumizi bora ya nishati. Maneno haya mawili hayasemi jambo moja. Ufanisi unatoka kwenye kufana; harusi ikifana watu wamekula wakashiba na ngoma imekolea. Ufanisi ukiwekwa kwenye friji, sifa ni ya friji: inafanya kazi ileile ya kupoza kwa umeme kidogo. Matumizi bora yanamgeukia mtu. Mwenye kutumia vizuri ni mama anayezima taa na baba asiyeacha friji wazi akitafakari anywe nini. Serikali inapohimiza watu wazime vifaa, matumizi bora ndilo neno lake. Lebo, kwa upande wake, haimhukumu mtu. Inampima mtambo kabla haujafika nyumbani, na kwa hilo ufanisi linafaa zaidi.

Hata hivyo ufanisi una mtego, na programu isiyouonyesha itampoteza mnunuzi. Herufi kwenye lebo ya friji hutokana na kulinganisha umeme inaotumia na ule unaotarajiwa kwa friji ya ukubwa na aina yake. Friji kubwa ya milango miwili inaweza kupata herufi nzuri, na bado ikatumia yuniti nyingi kuliko kifriji kidogo chenye herufi mbaya. Ya kwanza ina ufanisi zaidi, ya pili inakula kidogo. Kiswahili cha kila siku kinalifahamu vizuri hili la kula. Gari linakula mafuta, pasi inakula umeme, na mtu akiuliza bei ya friji swali la pili ni kama inakula. Ningeweka maneno yote mawili kwenye kioo, jirani kwa jirani: ufanisi, herufi fulani, ulaji, yuniti kadhaa kwa mwezi. Najua ulaji limechafuliwa na siasa na vyeo. Halijafa kwa sababu hiyo, na hakuna lingine linalofika masikioni kwa haraka kama hilo.

Sikiliza mazungumzo yanayorudiwa kila siku Kariakoo, Dar es Salaam:

“Kaka, friji hii haili sana umeme?”

“Hii ni inveta, dada yangu. Haili kabisa.”

Inveta ni jambo la kweli. Kompresa ya kawaida huwaka kwa nguvu zote, ikazima, ikawaka tena. Yenye inveta hupunguza au kuongeza mwendo kadiri joto linavyotaka, na kwa kawaida huokoa umeme. Lakini neno hilo, likitamkwa peke yake, halina tarakimu. Dada amejibiwa kwa sifa wakati alihitaji hesabu, na hesabu hiyo imebandikwa mlangoni mwa friji, hatua moja kutoka aliposimama. Tuseme lebo inasoma 180 kwa mwaka. Gawa kwa kumi na mbili: yuniti 15 kwa mwezi, nusu yuniti kwa siku. Kama dada huyo ni mteja mdogo wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, wa daraja la D1, lile ambalo nafuu yake inakoma ukivuka yuniti 75 kwa mwezi, friji hiyo peke yake imechukua moja ya tano ya nafasi aliyonayo. Hapo ndipo lebo ya Brussels inapoanza kuzungumza na jiko la Mbagala.

Neno mwaka, kwa hiyo, lisiachwe hivi hivi. Kwa friji lebo ya Ulaya huhesabu kwa mwaka, kwa mashine ya kufulia huhesabu kwa mizunguko 100 ya kufua, na kwa televisheni huhesabu kwa saa 1,000. Vipimo vitatu, na hakuna hata kimoja kinachofanana na namna tunavyonunua umeme, wa wiki, wa mwezi, au wa hela iliyopo leo. Televisheni yenye 60 kwa saa 1,000, ikiwashwa saa tano kila siku, itakula yuniti tisa kwa mwezi. Ni hesabu ya kitoto kwa simu, lakini mtu aliyesimama dukani na watoto wawili na muuzaji anayemharakisha hataifanya kichwani.

Kisha kuna ngazi zenyewe. Tunaziita madaraja, na hapa nina wasiwasi kidogo, kwa kuwa daraja limekaa sana shuleni. Msomaji aliyelelewa na matokeo ya mitihani akiona friji ina daraja E ataiona imefeli. Lakini ngazi mpya ya 2021 ilipangwa makusudi ili A iwe tupu au karibu tupu mwanzoni, kuacha nafasi ya teknolojia ijayo. Friji iliyokuwa A+++ siku moja kabla iliweza kuamka ikiwa C. Sababu ya kuzipanga upya herufi hizo ni kwamba zile za zamani zilikuwa zimeharibika kama maneno. Ngazi ilianza kama A hadi G baada ya sheria ya 1992; vifaa vikaboreka, vyote vikajazana juu; zikaongezwa A+ na A++, baadaye A+++. Kuanzia Julai 2012 friji mpya ya kawaida haikuruhusiwa kuuzwa Ulaya ikiwa chini ya A+. Kwa hiyo A+, ambayo kila sikio linaisikia kama sifa ya pekee, ilikuwa ndiyo ya mwisho darasani. Friji za mtumba za miaka hiyo bado zina karatasi zao mlangoni, na muuzaji huionyesha ile A kwa kidole. Programu njema itaje mwaka wa lebo kabla ya kutaja herufi.

Ulaya ikiwa imetumia herufi, India na Kenya zimetumia nyota, moja hadi tano, na nyingi ni nzuri. Uchina imetumia tarakimu, na hapo 1 ndiyo bora. Katika duka moja la Luthuli Avenue, Nairobi, unaweza kukuta vyote vitatu: A, nyota tano, na 1. Mteja aliyezoea nyota ataikataa friji yenye 1, naye ameikataa iliyo bora. Ufasaha wa Kiswahili hauwezi kuzipatanisha ngazi hizi. Simu inaweza, ikisoma msimbo na kurudisha jibu moja kwa yuniti. Nyota za India nazo hupimwa upya kila baada ya muda, na lebo hubeba kipindi chake cha uhalali. Nyota tano za zamani si lazima ziwe tano leo.

Majina ya vyombo vyenyewe hayanisumbui. Simu janja au simu mahiri, skani au piga picha msimbo, programu au programu-tumizi: watu watachagua wenyewe. Kamusi inasema jokofu, dukani ni friji, na kisanduku cha kutafutia kikubali yote mawili.

Kuna herufi nyingine ambazo hazizungumzwi sana, ndogo, katika bamba la taarifa ndani au nyuma ya friji: SN, N, ST, T. Hizi hutaja joto la chumba ambamo friji imetengenezwa kufanya kazi. SN na N zinaishia nyuzi 32, ST nyuzi 38, T nyuzi 43. T ni tropiki. Tena ile tarakimu kubwa ya lebo ya Ulaya hupatikana kwa kuchukua wastani wa kipimo cha chumba chenye nyuzi 16 na kingine chenye nyuzi 32, yaani nusu ya hesabu imefanywa katika baridi ya Njombe. Jikoni Dar es Salaam, mwezi Februari, mchana, friji ile ile itakula zaidi ya ilivyoandikwa. Bado hatuna neno lililozoeleka la kuitaja SN hadi T. Mimi ningesema kundi la joto, kwa kuwa mnunuzi anaelewa joto kabla ya kuelewa hali ya hewa, na ningeliandika mstari wa pili kutoka juu, chini kidogo ya yuniti: kundi la joto T, hadi nyuzi 43.