Risasi Moja Tu, Unanyongwa

Juzi nilipost klipu ya msee wa Marekani akieleza vile unaweza kubeba bastola kwa gari bila kibali cha kutembea nayo mwilini. Toa risasi, ifungie kwa kasha, weka buti, endesha. Sheria zao hutofautiana jimbo kwa jimbo. DM zikajaa: "Buda, na huku kwetu?"

Huku jibu ni fupi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inasema huwezi kuwa na bunduki wala risasi bila cheti. Iwe kiunoni, chini ya kiti ama kwa buti, kama huna cheti umepatikana nayo. Kwisha.

Lakini hiyo sheria ilitungwa 1953, na kama wewe ni mtu wa Meru ama Embu, huo mwaka si wa kupita hivi hivi.

Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 20, 1952. Mwaka uliofuata, chini ya kanuni zake, kupatikana na bunduki ama risasi kukawa kosa la kunyongwa. Si lazima uwe umeua mtu. Risasi moja mfukoni ilitosha. Kufikia mwisho wa vita, zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamenyongwa, na wengi hawakushtakiwa kwa mauaji.

Hata Dedan Kimathi. Wengi wetu hudhani alihukumiwa kwa kuongoza Mau Mau. La. Kesi yake kule Nyeri, Novemba 1956, ilikuwa ya bastola na risasi alizokamatwa nazo. Akanyongwa Kamiti Februari 18, 1957.

Sasa cheki upande wa pili. Masetla walitembea na bastola kiunoni hadi kwa meza ya chakula, na vibali walikuwa navyo. Mkikuyu, Mwembu na Mmeru walihitaji pasi hata ya kusafiri tu. Huko msituni wapiganaji wakajitengenezea bunduki kwa bomba la maji, komeo la mlango na mpira.

Shosho wangu wa Embu alikuwa mtoto kwa kijiji cha hali ya hatari, kile kilichozungushiwa mtaro. Anasema jioni akina mama wakirudi shambani, homugadi walipekua vikapu langoni, viazi kimoja kimoja. Mpaka leo matatu yetu ikisimamishwa kwa roadblock pale Runyenjes, yeye hushika mkoba wake na mikono miwili, ananyamaza. Ndani kuna miwani na peremende.

Ndio maana napenda hadithi ya Field Marshal Musa Mwariama wa Meru. Hakuwahi kushikwa. Alitoka msituni uhuru ulipofika, 1963, na watu wake, na silaha zao.

Sisemi tuige Marekani. Bastola kwa kila gari Nairobi, na vile tunagombana kwa jam? Zii. Nataka cheti kibaki. Ninachosema ni hivi: swali la "naruhusiwa kubeba nini kwa gari" hapa kwetu liliwahi kumaanisha kamba shingoni, na jibu lilitegemea kabila lako.

Kama shosho ama guka wako bado yuko, muulize alibeba nini, na nani alimpekua. Muulize wikendi hii.