Omu 47,000: kwa nini santuri ya mjomba ilinong'ona

Nimekuwa kimya hapa kwa majuma kadhaa na sababu ni sanduku moja la kadibodi. Mjomba wangu aliaga dunia mwaka juzi, na juzi juzi mkewe akanipigia simu: "Baba, njoo uchukue hizi santuri kabla mchwa hawajazimaliza." Mchwa hawali santuri, wanakula maganda yake, lakini nilielewa. Nikaenda nikazichukua. Zilikuwa sitini na kitu, nyingi zikiwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, benga na rumba za miaka ya 1960 na 1970. Ndani yake kulikuwa na moja ambayo mjomba mwenyewe anapiga gitaa la pili, katika bendi ambayo haikufika mbali. Hakuna nakala nyingine ninayoijua. Nilitaka kuiingiza kwenye tarakilishi kabla haijachakaa zaidi, binamu zangu wapate kumsikia baba yao.

Rafiki akaniazima kinanda cha santuri, kizuri kweli, chenye katriji ya Denon DL-103. (Katriji ni kile kichwa kidogo kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme.) Nikakichomeka kwenye tundu la fono nyuma ya amplifaya, nikaweka sindano, nikasikia mnong'ono. Nikafungua sauti mpaka mwisho. Gitaa lilikuwa mbali kama redio ya jirani, na mbele yake kulikuwa na "shhhhh" nene. Nikasema basi, santuri imekufa.

Mimi ni mtu wa programu, kwa hivyo nikafanya anachofanya mtu wa programu. Nikarekodi hivyo hivyo, nikafungua Audacity, nikazidisha kila kitu mara 15. Gitaa likapanda mara 15. Ile shhhh nayo ikapanda mara 15, haikubaki nyuma hata kidogo. Nilipompelekea mzee mmoja fundi wa Luthuli Avenue hiyo faili, alicheka. "Kijana wangu, umechelewa kukuza. Hapo unakuza takataka." Kisha akaniuliza, "Na transfoma iko wapi?"

Transfoma? Kwani hii ni stima ya nyumba? Swali hilo limenirudisha nyuma miaka zaidi ya 70, na ndiyo hadithi ya leo.

Anza na kinanda ambacho mjomba mwenyewe alikuwa nacho, kile cha sanduku, cha betri. Vinanda vya aina hiyo vilitumia katriji za kioo au za kauri. Kauri hiyo ikikunjwa na sindano hutoa umeme mwingi, nusu volti au zaidi, wa kutosha kusukuma amplifaya ndogo bila msaada. Zaidi ya hapo, hutoa umeme kulingana na jinsi sindano ilivyosogea mbali, na hilo kwa bahati linakaribia kabisa kusawazisha sauti nzito na nyembamba jinsi santuri inavyohitaji. Rahisi na rahisi tena. Ubaya wake ni uzito: sindano ilikandamiza santuri kwa gramu nyingi, na ndiyo maana mifereji ya santuri za nyumbani imekwanguka.

Mwaka wa 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ya kucheza muda mrefu, mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, na mwaka uliofuata RCA wakatoa ile ya 45. Mifereji ikawa membamba, nyenzo ikawa laini na tulivu kuliko ile ya zamani, na wapenda sauti safi wakaanza kukimbilia katriji za sumaku. Hapa ndipo shida zinaanza. Katriji ya sumaku ni dinamo ndogo, ya ukubwa wa punje. Inatoa milivolti chache tu, yaani sehemu chache za elfu za volti. Na dinamo hujali kasi, haijali umbali.

Tena kila kampuni ilikuwa na mtindo wake wa kukata santuri. Besi ikiandikwa kama ilivyo, mfereji hupepesuka mpaka unaingia kwa jirani yake, kwa hivyo mkataji huipunguza besi. Sauti nyembamba naye huiongeza, ili wakati wa kucheza ikipunguzwa, mkwaruzo wa santuri upunguzwe pamoja nayo. Swali ni kiasi gani, na Columbia walikuwa na jibu lao, RCA lao, Decca ya Uingereza lao. Amplifaya za mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilikuwa na swichi za kuchagua kampuni! Wale mnaokumbuka kurasa za wavuti zilizoandikwa "hufunguka vizuri kwa kivinjari fulani" mnajua uchungu huo. Mwaka wa 1954 chama cha kampuni za rekodi za Marekani, RIAA, kikakubali mkunjo mmoja, ambao kwa kweli ulikuwa ule RCA waliokuwa wakiutumia tayari. Ndio unaotumika mpaka leo. Kikuzaji cha fono hupandisha hezi 20 kwa desibeli 19 na kushusha hezi 20,000 kwa desibeli karibu 20, ukilinganisha na hezi 1,000. Kati ya mwisho mmoja na mwingine ni tofauti ya karibu mara 90. Na kumbuka stima yetu ni ya hezi 50: mvumo wowote wa stima ukiingia hapo hupandishwa mara 7 kuliko sauti ya katikati. Hilo lilinirudia baadaye.

Sasa ndipo njia ikagawanyika mara mbili. Swali lilikuwa: ndani ya katriji, kitembee nini? Sumaku au koili?

Kampuni ya Ortofon ya Denmark ilichagua koili. Walikuwa na katriji ya koili ya mono mwaka wa 1948. Stereo ilipoingia madukani mwaka wa 1958, wao wakafuata mwaka wa 1959 na SPU, ambayo sura yake bado inauzwa. Koili inayotembea lazima iwe nyepesi, la sivyo sindano haiwezi kufuata mfereji. Nyepesi maana yake waya kidogo, na waya kidogo maana yake umeme kidogo. SPU hutoa milivolti 0.2 hivi, na ukinzani wa koili yake ni omu 2 tu. Sauti ni tamu, wanasema wote walioisikia, lakini umeme ni wa kuombaomba.

Upande wa pili walisema sumaku ndiyo itembee, ndogo sana, na koili zikae kimya pembeni. Elac ya Ujerumani na Shure ya Marekani walienda njia hiyo, na Shure M3D ya mwaka wa 1958 ikafungua mlango. Koili ikikaa kimya unaweza kuizungushia waya maelfu ya mara, uzito hauna neno. Ndiyo maana katriji ya sumaku hutoa milivolti 4 au 5, na sindano yake unaichomoa na kuweka nyingine kwa vidole. Katriji ya koili, sindano ikiisha, unairudisha kiwandani. Kibiashara mechi iliisha hapo. Katriji za sumaku zilishinda, na watengenezaji wa amplifaya wakajenga tundu la fono kwa ajili yake: kuza mara 100 hivi, kwa ukinzani wa omu 47,000.

Hiyo 47,000 ndiyo namba ninayotaka muikumbuke. Kwa katriji ya sumaku ina maana yake. Waya ule mwingi una tabia ya koili kubwa, nusu henri au zaidi, na ukikutana na ule uwezo mdogo wa kuhifadhi chaji ulio kwenye kebo, tuseme pikofaradi 250, vinalia pamoja kama kengele karibu na hezi 14,000. Ukinzani wa omu 47,000 huituliza kengele hiyo kiasi kinachofaa. Badilisha kebo iwe ndefu, kengele hushuka na sauti hubadilika. Kwa hivyo namba ilizaliwa na katriji ya sumaku, kisha ikaganda ukutani, na kila aliyekuja baadaye alilazimika kuongea nayo. Sisi waandishi wa programu tunayo majina ya vitu kama hivyo, mengine hayaandikiki hapa.

Basi watu wa koili walifanya nini na milivolti zao 0.2? Hawakuweza kuzikuza moja kwa moja. Amplifaya za wakati huo zilikuwa za valvu za glasi, na valvu yenyewe ina kelele yake. Ukiweka mbele yake mnong'ono wa koili, kelele inashinda. Hii ndiyo shhhh yangu, imezaliwa kabla yangu. Jibu lilikuwa tayari kwenye stesheni za redio, ambako maikrofoni zenye umeme mdogo ziliunganishwa kwa transfoma miaka mingi. Transfoma haina valvu, haina betri. Ni waya mbili zimezungushwa kwenye chuma kimoja. Mizunguko ya pili ikiwa mara 10 ya ile ya kwanza, umeme unatoka mara 10, na kelele inayoongezwa ni kidogo sana.

Lakini hakuna cha bure. Transfoma ikipandisha volti mara 10, ukinzani unaoonekana na katriji hugawanywa kwa 10 mara 10, yaani 100. Zile omu 47,000 za ukutani, katriji inaziona kama 470. Transfoma ya 1 kwa 20 inagawanya kwa 400: omu 117 na nusu. Watu wengi husahau hapa, wananunua transfoma yenye namba kubwa wakidhani wanapata zaidi.

Ebu tuchukue DL-103, maana ndiyo iliyonitesa. Denon waliitengeneza pamoja na NHK, shirika la utangazaji la Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa ajili ya utangazaji. Raia wa kawaida walianza kuuziwa mwaka wa 1970. Inatoa milivolti 0.3 na ukinzani wake ni omu 40, mara 20 ya SPU. Kwa transfoma ya 1 kwa 10 ungetarajia milivolti 3. Omu 40 za katriji zikigawana na zile 470, unapata 2.8 hivi. Kwa 1 kwa 20 ungetarajia 6, unapata 4.5. Kwa 1 kwa 30 ungetarajia 9, unapata 5.1. Ongeza hadi 1 kwa 40, na badala ya kupanda inaanza kushuka! Kilele kiko karibu na 34, mahali ambapo ukinzani unaoonekana unalingana na wa katriji yenyewe. Ile ya 1 kwa 30 iliyo nzuri kabisa kwa SPU, ambayo omu zake 2 hazijali kuona 52, kwa DL-103 inakula karibu nusu ya umeme. Nilikaa na hesabu hii usiku kucha na karatasi, sikutaka kuamini.

Miaka ya 1970 transista zikawa tulivu vya kutosha, na watu kama John Curl, aliyebuni JC-1 iliyouzwa na Mark Levinson, wakaonyesha kwamba unaweza kukuza koili bila transfoma. Wajapani wakaitikia, katriji za koili zikajaa. Halafu mwaka wa 1982 CD ikaja, na miaka ya 1990 amplifaya nyingi zikaacha hata tundu la fono. Santuri zilirudi polepole, mpaka mwaka wa 2022 Marekani ziliuzwa nyingi kuliko CD, mara ya kwanza tangu 1987. Omu 47,000 zilikuwa bado zinawasubiri ukutani.

Nilirudi Luthuli Avenue. Mzee akafungua droo, akatoa transfoma mbili za maikrofoni, kuukuu, 1 kwa 10, kila moja ndani ya kopo lake la chuma. Nikasema nafuu ningepata za 1 kwa 20. Akasema, "Kwanza sikia." Tukaziunganisha, na kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa mvumo wa stima, mnene, ule wa hezi 50. Nilikuwa nimeziweka karibu na mota ya kinanda. Nikazisogeza nusu mita upande, nikazigeuza kidogo, mvumo ukazima.

Kisha nikaweka sindano kwenye santuri ya mjomba. Shhhh ilikuwepo, ya santuri yenyewe sasa, chini kabisa. Gitaa la pili liko upande wa nyuma ya mwimbaji. Katika ubeti wa tatu anakosea, anaingia mapema, halafu mtu anacheka karibu na maikrofoni na wanaendelea. Miaka hiyo yote tuliyoicheza kwenye kinanda cha betri, hicho kicheko hatukuwahi kukisikia.