Vikuku vya Kinyaga: anasa iliyotangulia kitambaa

Kusini kabisa mwa Ziwa Kivu, pale Mto Rusizi unapoanza safari yake kuelekea Ziwa Tanganyika, iko nchi ambayo wenyeji waliiita Kinyaga. Leo imegawanywa katika wilaya mbili za Rwanda, Rusizi na Nyamasheke, na watu wa mbali huifahamu zaidi kwa jina la Cyangugu, mji unaotazamana na Bukavu ya Kongo. Upande wa mashariki umezuiwa na msitu mkubwa wa Nyungwe, ambao zamani ulikuwa na baridi, chui na njia chache. Kwa sababu hiyo mkazi wa Kinyaga wa karne ya 19 alimfikia jirani yake wa kabila la Wahavu, katika kisiwa cha Ijwi ziwani humo, kwa mtumbwi kwa urahisi zaidi kuliko alivyomfikia Mnyarwanda mwenzake wa Nduga, katikati ya nchi, kwa miguu. Tusipolielewa hilo, hatutaelewa kwa nini mtindo wa mavazi uliopendwa sana Rwanda uliingilia hapa.

Ng'ambo ya ziwa, nyuma ya Wahavu na Washi, waliishi Watembo katika milima yenye misitu. Ng'ombe walikuwa wachache huko, lakini nyuzi za mimea zilikuwa tele na mikono ya kuzisuka ilikuwa hodari. Watembo walisuka vikuku vyembamba vilivyoitwa ubutega, wakavipeleka katika masoko ya pwani ya magharibi ya ziwa, na huko Wahavu na watu wa Ijwi wakavinunua ili wavivushe. Kinyaga nayo ilikuwa na mbuzi, ng'ombe, maharage na mtama, yaani vitu vile vile vilivyopungua msituni. Biashara ikashika mizizi, kwa kuwa kila upande ulikosa kile ambacho mwenzake alikuwa nacho. Vikuku havikuoza upesi, vilibebeka kwa mafungu na kila mtu alivikubali, hivyo baada ya muda vikawa fedha ya eneo zima la ziwa, ambayo mtu aliweza kununulia mifugo au chakula.

Hata hivyo, fedha hiyo ilivaliwa. Mwanamke wa Rwanda aliyejifunga inkanda, vazi la ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa, alivipanga vikuku mguuni kimoja juu ya kingine, kuanzia kifundoni kwenda juu, na mwanamke wa nyumba kubwa aliweza kuvaa mamia. Mguu ulionekana kama nguzo iliyosukwa, na mwendo ukawa wa polepole. Anayecheka akisikia kwamba mtu alitoa mifugo yake ili apate nyuzi, na aufikirie mkoba wa Paris: thamani ya ngozi peke yake haikaribii hata kidogo bei yake.

Kwa nini walijitwika mzigo huo? Wapo wanaoeleza kwamba ubutega ulikuwa akiba: mwanamke alitembea na mali yake mwilini, tayari kuichomoa wakati wa njaa. Wengine husema ulikuwa tangazo, kwamba anayetembea kwa shida hana haja ya kulima wala kuchota maji. Maelezo ya kwanza yana nguvu kwa familia za kawaida za Kinyaga, ambazo ziliishi karibu na soko na ziliweza kuvibadilisha wakati wowote. Kwa wake wa machifu hayatoshi, maana wao akiba yao ilikuwa zizini. Kwao naona maelezo ya pili ndiyo sahihi: walivipenda kwa sababu vilitoka mbali, vilimchukua fundi muda mwingi, na havikuwa na faida yoyote shambani.

Hamu hiyo ya wakubwa iliongezeka wakati wa Mwami (mfalme) Kigeli wa Nne Rwabugiri, aliyetawala kuanzia miaka ya 1860 hadi 1895. Kabla yake Kinyaga ilikuwa mpaka wa mbali, na watu wake walijiendeshea mambo yao kwa kiasi kikubwa. Rwabugiri alihamishia vita ziwani, akaishambulia Ijwi, akapigana na Washi, na akaweka machifu wake Kinyaga ili wakusanye kodi na huduma. Kilichokuwa biashara ya majirani sasa kilitazamwa na ikulu. Vitu vizuri vya magharibi vilipanda mlima kama zawadi na kodi, na chifu aliyetaka kupendwa hakwenda kwa mwami mikono mitupu. Rwabugiri alifia ziwani mwaka 1895, akiwa katika safari nyingine ya vita dhidi ya Bushi, nchi ya Washi.

Kuanzia hapo matukio yalifuatana upesi. Mwaka 1896 majeshi ya Rwanda yalishindwa huko Shangi na kikosi cha Dola Huru ya Kongo kilichokuwa na bunduki. Mwaka 1898 Wajerumani waliweka kituo chao Shangi hapo hapo, na mwaka 1903 Mapadri Weupe walifungua misheni ya Mibirizi. Mwaka 1910 wajumbe wa Ulaya, waliokutana Brussels, walichora mpaka uliopita ziwani na kuipa Ubelgiji kisiwa cha Ijwi.

Ubutega ulipungua katika miaka hiyo, na sababu hutajwa mbili. Ya kwanza ni misheni na kitambaa: mwanamke aliyevaa nguo ndefu hakuwa na wa kumwonyesha mguu wake. Ya pili ni mpaka na sarafu. Njia ya vikuku ilikatwa vipande viwili, na serikali ilipoanza kudai kodi kwa fedha za chuma, vikuku havikuweza kuilipa. Sababu ya pili naipa uzito zaidi. Pambo ambalo pia ni fedha hupata pigo kubwa siku fedha yake inapokataliwa, hata kama bado linapendeza machoni.

Kitambaa kilipotawala, Kinyaga haikuacha kuangalia magharibi. Bukavu ilikua ikawa mji mkubwa wa Kibelgiji, na vitenge vikawa fahari ya eneo zima. Vilivyoheshimiwa kuliko vyote vilitoka Uholanzi kwa Vlisco, kampuni ya Helmond iliyoanzishwa mwaka 1846. Kitu kilichotoka mbali kikaendelea kupewa heshima ya pekee.

Mwelekeo huo wa kupenda vya mbali ulikuja kugeuka. Mwaka 2005 duka kubwa la Macy's la Marekani lilianza kuuza agaseke, vikapu vilivyosukwa na wanawake wa Rwanda kupitia Gahaya Links, kampuni ya ndugu wawili, Janet Nkubana na Joy Ndungutse. Safari hii kazi ya nyuzi ilitoka Rwanda, na Mmarekani ndiye aliyekuwa mpenda vitu vya mbali. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo ili kulinda washonaji wake, na mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kuyaondolea mavazi ya Rwanda msamaha wa kodi. Ushuru wa mitumba uliwaumiza wanunuzi wa kipato kidogo, na magunia ya caguwa, yaani mitumba, yakawa yanavushwa kwa magendo kutoka Kongo. Wakati huo huo wabunifu wa Kigali walikuwa wakipata jina. Moshions, kampuni ya mavazi iliyoanzishwa na Moses Turahirwa mwaka 2015, ilitia shanga na michoro ya imigongo katika nguo za gharama.

Imigongo ni sanaa ya mashariki ya nchi. Magharibi ilikuwa na pambo lake, lililovuka ziwa kwa mtumbwi. Wazee waliosimuliwa habari zake na bibi zao bado wapo Kinyaga, lakini si wengi. Mafundi wa Kamembe, mji wa Rusizi, na vijana wanaosomea ubunifu wa mavazi wawahi kuwauliza.