Namba zikiruka, nani ameiba?

Uzi wa leo ni mrefu kidogo, wasee, kwa hivyo chukueni chai. Sheria ya hapa mnaijua: hatutaji mwanasiasa wala chama. Leo tunachambua sentensi moja inayorudi kila msimu wa uchaguzi, kila orodha ya basari, kila orodha ya kazi za kaunti: "Namba zimeruka." Mtu amefungua orodha, ameona namba moja, inayofuata iko mbali kabisa, amepiga picha ya skrini na kuituma. Kabla ya jioni tayari kuna mwizi, na mwizi ana jina.

Nianze na mtaa wetu hapa Eastlands. Tuna kamati inayokusanya shilingi 300 kwa kila nyumba kila mwezi: za soja wa usiku, za gari la taka na za balbu za nje. Nyumba hazifiki 150. Kwa miaka mingi mweka hazina, mama ambaye mtaa mzima unamheshimu, aliandika risiti kwenye kitabu chenye karatasi ya kaboni. Halafu tukataka kuwa wa kisasa. Kijana mmoja wa hapa akatutengenezea programu: unalipa, mashine inakupa risiti yenye namba. Ilienda poa mpaka risiti 214. Usiku huo stima ikapotea, kompyuta ikazima vibaya. Asubuhi risiti ya kwanza ikatoka na namba 1002.

Kwenye grupu la WhatsApp mtu wa hesabu za haraka akaanza. Kutoka 215 mpaka 1001 ni risiti 787. Mara 300 ni shilingi 236,100. Mama, pesa ziko wapi?

Hakuna aliyesimama kuuliza vile nyumba zisizofika 150 zingelipa mara 787 usiku mmoja, gizani. Mimi mwenyewe, mwanafunzi wa sayansi ya siasa na mtu wa kuwaelezea watu ushahidi ni nini, niliweka emoji ya macho mawili. Hiyo ndiyo inanifanya niandike uzi huu.

Sasa, ni nini kilitokea ndani ya mashine? Hifadhidata nyingi hutoa namba zenyewe kupitia kaunta. Kaunta hiyo ina ahadi moja tu: haitatoa namba ileile mara mbili. Haijawahi kuahidi kwamba kila namba itatumika. Fikiria foleni ya Huduma Centre pale Makadara. Umechukua tikiti 47, umekaa, umechoka, umeenda zako. Mwenye 48 habadilishiwi tikiti ili aitwe 47. Foleni inasonga, na 47 inabaki shimo. Kwenye kompyuta ni hivyo hivyo: malipo yameanza, yamepewa namba, mtandao umekata, malipo yamefutwa. Namba hairudi.

Mbona isirudishwe? Kwa sababu ili irudishwe, wote walio nyuma wangengoja mpaka wa mbele amalize kabisa, afaulu au ashindwe. Kwa duka la mtaani hiyo si shida. Kwa mfumo unaopokea maelfu ya watu kwa dakika moja, kila kitu kingesimama. Wenye kutengeneza mifumo hii walichagua kasi, wakakubali mashimo.

Na mashimo makubwa kama letu? Ili kuharakisha, mashine hujichukulia namba nyingi kwa mpigo na kuziweka kwenye kumbukumbu ya muda. Oracle kwa kawaida huchukua 20. SQL Server ya Microsoft, tangu toleo la 2012, huchukua 1000. Ikizima ghafla, zile ambazo hazijatumika hupotea na kaunta inaanzia bunda linalofuata. Ndiyo maana 214 ikafuatwa na 1002. Kijana wetu alikuwa ametumia SQL Server. Hakuwa amesoma hapo.

Lakini mtu anayeona shimo na kushtuka si mjinga. Alifunzwa kushtuka, na mafunzo hayo yana historia.

Namba ya kwanza ya serikali kumgusa Mkenya wa kawaida ilikuwa ya kipande. Sheria ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya vita, 1919. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu aliandikishwa, akachukuliwa alama za vidole, akapewa cheti chenye namba yake, na wengi walikibeba ndani ya kibati kilichoning'inia shingoni. Ukiacha kazi bila mwajiri kukusaini, namba hiyo ndiyo iliyotumika kukufuata. Machi 1922 watu walipigwa risasi na kuuawa nje ya kituo cha polisi Nairobi, kwenye maandamano ambayo kipande kilikuwa moja ya malalamiko nyuma yake. Sheria ilibadilishwa 1947 ili watu wa rangi zote waandikishwe, na 1978 wanawake nao wakaingizwa. Jina halikufa. Hadi leo nyanya yangu akitafuta kitambulisho anauliza kipande chake kiko wapi.

Angalia hiyo namba ilikuwa ya nini: kumtambulisha mtu mmoja. Haikuwa ya kuhesabu.

Kulikuwa na namba nyingine, ya kitabu cha risiti. Hii huchapishwa kiwandani kabla kitabu hakijaguswa. Kurasa 100, namba 100. Ukipewa kitabu na ukurasa wa 37 haupo, kuna mkono uliouchana. Hapa shimo ni ushahidi, na karani, kanisa, chama cha akina mama na mkusanyaji kodi wote wanajua hivyo. Wazazi wetu walijifunza uhasibu kwa kitabu hiki. Mimi nadhani fujo yetu yote inatoka hapa: mashine inatupa namba ya aina ya kwanza, sisi tunaisoma kama ya aina ya pili.

Ushahidi kwamba tunaweza kuvumilia mashimo tukielezwa? Simama stejini uangalie namba za magari. Kuna KCH, kuna KCJ. Hakuna KCI. Herufi I na O zinarukwa kwa sababu zinafanana na 1 na 0. Tangu mfululizo wa KAA uanze 1989 sijasikia mtu akiandamana kuuliza magari ya KCI yalifichwa wapi.

Tuje kwa uchaguzi, maana najua ndio mnangoja. Karatasi za kura huja kwenye vitabu vyenye namba za mfululizo, na kituo lazima kieleze zote: zilizotumika, zilizoharibika, zilizobaki. Karatasi iliyoharibika haitupwi, inawekwa na kuandikwa. Huo ni mfumo wa kitabu cha risiti, na shimo pale ni lazima lijibiwe. Vituo vya kura navyo ni orodha iliyofungwa mapema. Mwaka 2017 vilikuwa 40,883, mwaka 2022 vikawa 46,229, kila kimoja na kodi yake kabla ya mtu yeyote kupiga kura. Kwa hivyo fomu 34A ya kituo fulani ikikosekana, hiyo si mambo ya kaunta. Kuna kitu kilipaswa kuwepo na hakipo.

Ndiyo maana kesi ya 2017 inafaa isomwe polepole. Matokeo ya urais yalitangazwa 11 Agosti kabla fomu 34A zote hazijafika kwa tume. Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi huo 1 Septemba, na kutoa hukumu kamili 20 Septemba, kati ya mambo iliyoyataja ni kwamba baadhi ya fomu hazikuwa na alama za usalama, zikiwemo namba za mfululizo. Pia iliamuru seva za tume zifunguliwe zikaguliwe, na tume haikutii amri hiyo kikamilifu. Majaji wakasema kukataa huko kunasomwa dhidi yake.

Umeona tofauti? Shida pale haikuwa namba kuruka. Ilikuwa fomu zisizo na namba kabisa, na milango ya kumbukumbu kufungwa. Lakini huku mtaani, kwenye matatu za Buruburu na Kayole, mambo hayo matatu yalikorogwa yakawa sentensi moja, na tangu hapo shimo lolote kwenye orodha yoyote hupewa uzito wa 2017. Wenye orodha nao wamejifunza jibu la uvivu: "Ni system." Jibu hilo linanikera kuliko tuhuma yenyewe. Mashine inayopoteza namba pia huandika shajara ya kilichotokea: saa ngapi ilizimika, malipo gani yalifutwa. Anayesema ni system na hataki kuonyesha shajara, bado hajajibu.

Kwa hivyo ukitumiwa ile picha ya skrini, swali langu la kwanza siku hizi ni: orodha hii ilifungwa kabla, au inajengwa watu wakija? Kama ilifungwa, dai kilichokosekana, na usinyamaze. Kama inajengwa, achana na namba, hesabu mistari, halafu tafuta rekodi nyingine isiyoshikwa na mtu yuleyule uilinganishe nayo. Mwenye duka hana hata haki ya kusema "ni system" kwa ankara za VAT. Kanuni zinataka namba ya mfululizo, kwa hivyo akiharibu moja ni lazima aweze kuionyesha. Inawezekana kuwa na namba zisizo na mashimo. Ni polepole tu, na lazima mtu aamue mapema kwamba anazitaka.

Mtaani kwetu hesabu hiyo ilichukua dakika 20. Tulitoa taarifa ya M-Pesa ya kamati, tukahesabu malipo, tukahesabu mistari kwenye programu. Zilikuwa sawasawa, mpaka shilingi ya mwisho. Mzee wa nyumba kumi akasoma matokeo kwa sauti. Yule aliyepiga hesabu ya 236,100 aliandika "sawa, asante" kwenye grupu.

Mama alikuwa amejiuzulu siku 4 kabla. Nilienda kwake na soda na mkate nikamwomba msamaha, akaniambia, "Kijana, mimi sina neno na wewe," na akanikaribisha chai, lakini kazi hiyo akaikataa. Mweka hazina mpya anatumia programu, na pembeni ana kitabu cha kaboni. Risiti ninazopata sasa zina namba mbili.