Sirati, Street na Esukuru: Maneno Yaliyosafiri

Sisi wa Nyamira nyumbani ni Ekegusii, darasani Kiingereza, na msikitini Kiswahili. Utawasikia wenzetu wakisema: Kiswahili ni lugha ya kukopakopa, Kiingereza ndio lugha kamili. Ati kweli? Hebu tuangalie historia.

Neno "school" lenyewe asili yake ni Kiyunani, skhole, likapita kwa Walatini likawa schola, ndipo likafika Uingereza. Wajerumani nao wakasema Schule, nasi tukapata "shule" kwao. Wagusii tukasema "esukuru". Mzizi ni mmoja!

Mengine yalitufikia kupitia kwa Waarabu. Wayunani waliita jiwe gumu adamas. Waarabu wakasema almas, sisi almasi, Waingereza "diamond". Khartes likawa qirtas, karatasi yetu, na huko Ulaya likazaa "card" na "chart". Kalamos, yaani utete, likawa kalamu. Hata zile dinari 20 na dirhamu 200 za nisabu ya Zaka: moja ni denarius ya Warumi, nyingine ni drakhme ya Wayunani.

Kubwa zaidi ni hili. Warumi waliita barabara ya mawe strata. Waingereza wakapata "street". Wataalamu wengi wa lugha wanaona kuwa neno hilo hilo ndilo sirat, unalolisoma katika Al-Fatiha kila rakaa.

Utauliza: si Qur'ani imeteremka kwa Kiarabu kilicho wazi? Wanachuoni walilijadili jambo hili zamani. Imamu Shafi'i (aliyefariki 820) alishikilia kwamba yote ni Kiarabu. Abu Ubayd (aliyefariki 838) akapatanisha: asili ya baadhi ya maneno ni ya kigeni, lakini Waarabu waliyazoeza ndimi zao yakawa Kiarabu, kisha ndipo Qur'ani ikateremka. Baadaye Suyuti (aliyefariki 1505) aliyakusanya kitabuni.

Basi ewe kijana, kipimo ni hicho hicho. Almasi ni Kiswahili, esukuru ni Ekegusii, kama "street" ilivyo Kiingereza. Kila lugha imekopa, na aliyekopa neno hakumpunguzia mwenyewe kitu. Usione haya kwa lugha ya mama yako, wala usiogope kusoma ya wengine. Mwezi huu ukifungua msahafu, weka na kamusi karibu.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.