Ataongea Akiwa Wapi?

Ukitaka kuelewa kwa nini shosho anakunja uso ukimtajia mtaalamu wa afya ya akili, usianze na kabambe yake. Anza na mwaka wa 1910. Mwaka huo serikali ya kikoloni iligeuza kituo cha kuwatenga wagonjwa wa ndui mjini Nairobi kuwa nyumba ya walioitwa wendawazimu. Hiyo ndiyo Mathari tunayoijua. Mwaka wa 1938 ikakabidhiwa J. C. Carothers, daktari ambaye hakuwa amebobea katika magonjwa ya akili. Carothers aliandika kwamba Mwafrika ni nadra kupatwa na sonona. Kisha 1954, kwa ombi la serikali, akatoa kijitabu kilichotafuta chanzo cha Mau Mau ndani ya kichwa cha Mkikuyu. Mashamba yalikuwa yameenda, lakini mwenye kupimwa akili akawa yule aliyenyang'anywa.

Kizazi cha shosho kilikulia katika hewa hiyo. Kwao "utapelekwa Mathari" lilikuwa tusi, na hata sisi tulilirithi shuleni. Kwa hivyo mzee akikataa kwenda kuongea na daktari, tusikimbilie kusema ni ushamba. Ana kumbukumbu.

Huko kwingine, watu walikuwa wakitafuta namna ya kutibu bila mgonjwa kufika hospitalini. Mnamo 1909 Sigmund Freud alichapisha kisa cha mtoto aliyeogopa farasi. Kazi kubwa ilifanywa na baba wa mtoto, ambaye alikuwa akimwandikia Freud barua. Freud mwenyewe alikutana na huyo mtoto kwa matibabu mara moja tu.

Novemba 1953, kasisi Chad Varah aliweka simu ndani ya kanisa moja London ili yeyote aliyefikiria kujiua aipige. Wengine walikuja wenyewe, wakasubiri zamu yao huku watu wa kujitolea wakiwapikia chai. Varah akagundua jambo: wengi wakishamaliza chai na stori, hawakuhitaji tena kumwona. Mwaka uliofuata akawaachia wale wa chai kazi ya kusikiliza. Ndio Samaritans wa leo.

Kule Nebraska, Marekani, daktari Cecil Wittson alianza kutumia televisheni ya njia mbili mwaka wa 1959 kwa tiba ya vikundi. Kufikia 1964 chuo chake kilikuwa kimeunganishwa na hospitali ya Norfolk, kilomita kama 180, yaani kutoka Nairobi hadi Nakuru na kupita kidogo. Kumbe hii video tunayoiona mpya ina zaidi ya miaka 60.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha 1966. Joseph Weizenbaum wa MIT alitengeneza ELIZA, programu iliyojifanya mshauri kwa kukurudishia maneno yako kama maswali. Haikuelewa chochote. Katibu wake alijua hivyo, maana alimwona akiiunda kwa miezi. Hata hivyo, baada ya kuandikiana nayo kidogo tu, alimwomba Weizenbaum atoke chumbani.

Hilo ombi linanigusa kwa sababu ya shangazi yangu. Ndiye anayemtunza shosho tangu kiharusi kimlaze upande mmoja. Anamgeuza usiku, anampa dawa za presha, anafua shuka. Mwaka jana nilimtafutia mtaalamu wa simu, nikamlipia vipindi vinne. Bando lilikuwepo, mtandao ulikuwepo. Kipindi cha kwanza kilikwisha kwa dakika kumi. Nilipompigia, aliongea kwa sauti ya chini: "Sasa mwanangu, nitasemaje nimechoka na mama akiwa hapo kitandani ananisikia?"

Nyumba ni chumba kimoja na pazia. Shosho hasemi vizuri siku hizi, lakini masikio yake ni mazima.

Hapo ndipo historia hii inapotufaa. Machi 2020 korona ilipoingia Kenya, na Aprili Nairobi ikafungwa, wataalamu wengi walihamia Zoom, WhatsApp na simu za kawaida. Kwa mtu mwenye kisukari ambaye hakutaka kukaa foleni na watu wanaokohoa, hiyo ilikuwa afueni. Kwa mzee asiyeweza kupanda matatu, vilevile. Mlango ulifunguka na haukufungwa tena, na nafurahi. Ila tulihesabu kilomita tukasahau kuta. Katibu wa Weizenbaum alikuwa na mlango wa kumtoa mtu. Shangazi hana.

Zimbabwe walianzia upande mwingine. Mnamo 2006 daktari Dixon Chibanda alitaka kuhudumia watu wa Mbare, Harare, akakosa chumba na akakosa wauguzi. Alichopata ni akina nyanya 14 na nafasi nje ya kliniki. Wakaweka benchi. Nyanya anakaa, anakusikiliza, mnachagua shida moja ya kuanza nayo. Hawakusema "sonona", walitumia neno la Kishona, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa 2016, uliofanywa kwenye kliniki 24, ulionyesha waliokaa kwenye benchi walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida. Angalia pia nani alikuwa mtabibu: wazee wenyewe, wale tunaodhani kazi yao ni kupokea tu msaada.

Vipindi vitatu vya shangazi vilivyobaki vilifanyika, lakini si kwa sababu nilinunua simu bora. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo, alikubali kukaa na shosho saa moja kila Alhamisi. Shangazi akawa anaenda kuongea nyuma ya kanisa, chini ya mwembe, simu sikioni kama mtu anayepanga harambee.

Kwa hivyo wewe uliye mjini, unayetaka kumsaidia mtu wa nyumbani: lipa, ndiyo, nunua bando. Lakini kabla hujatuma linki, muulize kwanza ataongea akiwa wapi, na saa hiyo nani atabaki na mgonjwa.